Ujazo wa Vitu vya Mviringo: Mwongozo wa Kupima Kisima, Pishi, Lundo, Pipa, Gogo na Kuba

Shughuli nyingi katika kisiwa cha Pemba hupimwa kwa vyombo na maumbo ya mviringo: kazi ya mchumaji wa karafuu huhesabiwa kwa pishi, maji huchotwa katika kisima cha duara na kuwekwa katika tangi la duara, mafuta hutolewa katika pipa, mchanga wa ujenzi humwagwa chini ukawa lundo lenye kilele, na mwembe ulioangushwa kwa ajili ya mbao au mtumbwi hununuliwa ukiwa gogo. Katika kila shughuli hiyo kuna haja ya kujua kiasi kinachoingia ndani ya umbo, na mara nyingi kiasi hicho hukisiwa kwa macho tu. Jicho lililozoea hukisia urefu kwa usahihi wa kuridhisha, lakini hupotoka sana linapokisia ujazo wa kitu cha mviringo, na upotofu huo humwangukia mtu katika ujira, katika bei, katika kipimo cha dawa ya maji au katika mifuko ya saruji.

Mwongozo huu umekusudiwa msomaji aliyemaliza elimu ya msingi, mwenye futi au tepu ya fundi, kamba isiyonyumbuka na kikokotoo cha simu. Kanuni zake ni chache na si ngumu. Kinachosisitizwa kuliko kanuni ni upimaji wenyewe, kwa kuwa makosa makubwa ya ujazo hayazaliwi katika kuzidisha, bali huzaliwa mapema zaidi, pale upana unapopimwa kwa haraka.

Maneno ya kuanzia

Ujazo ni kiasi cha nafasi ambacho umbo hukichukua au hukihifadhi ndani yake. Sentimita za ujazo 1,000 ni lita moja, na mita moja ya ujazo ni lita 1,000. Kipenyo ni mstari unaokata duara kupitia katikati yake, nusu kipenyo ni nusu ya mstari huo, mzingo ni urefu wa kulizunguka duara, na kimo ni urefu unaopimwa wima, si kwa kufuata mteremko wa ubavu.

Pai ni namba inayopatikana kwa kugawanya mzingo wa duara lolote kwa kipenyo chake. Thamani yake ni takriban 3.1416, na shuleni hufundishwa kuwa 22/7. Archimedes wa Syracuse, aliyeishi katika karne ya 3 kabla ya Masihi, alithibitisha kwamba namba hiyo haivuki 3 na 1/7 wala haishuki chini ya 3 na 10/71, na mwaka 1424 mwanahisabati Al-Kashi, aliyefanya kazi Samarkand, aliikokotoa hadi tarakimu 16 za desimali. Kwa mpimaji wa kisima ubishi kati ya 22/7 na 3.14 hauna maana, kwani sehemu ya 22/7 inayozidi thamani halisi ni takriban 4 katika 10,000, yaani katika kisima chenye lita 3,400 ni kiasi cha lita moja na nusu.

Kwa nini upana udai uangalifu kuliko kimo

Umbo la kisima, tangi, kopo au bomba, ambalo upana wake ni ule ule kutoka chini hadi juu, huitwa mche duara. Ujazo wake ni eneo la duara la kitako likizidishwa kwa kimo, na eneo la duara hutokana na kipenyo kinachozidishwa kwa chenyewe. Ndiyo maana kimo kinapokosewa kwa asilimia 5, jibu hukosewa kwa asilimia 5 vilevile, ilhali kipenyo kinapokosewa kwa asilimia hizo hizo, jibu hukosewa kwa zaidi ya asilimia 10. Na katika tufe, yaani umbo la mpira, ambamo kipenyo huingia mara tatu katika kuzidisha, kosa hilo hilo hukaribia asilimia 16. Matangi mawili yenye kimo sawa, moja likiwa na upana wa mita 1.00 na jingine mita 1.20, hayatofautiani kwa asilimia 20 kama yanavyoonekana, bali la pili huchukua asilimia 44 zaidi ya la kwanza.

*Kisanduku cha 1: Kupata upana ulio sahihi*

1. Kwa chombo kilicho wazi, pima kutoka ukingo wa ndani hadi ukingo wa ndani. Shikilia ncha moja ya futi, kisha sogeza ya pili taratibu mpaka upate urefu mkubwa kuliko wote, kwa sababu mstari usiopita katikati huwa mfupi kuliko kipenyo.
2. Pima mara ya pili kwa kukata msalaba na kipimo cha kwanza. Vipimo viwili vikitofautiana, vijumlishe na ugawanye kwa 2.
3. Pale ambapo katikati hapafikiki, zungusha kamba, pima urefu wake, kisha gawanya kwa 3.14 ili upate kipenyo.
4. Mzingo ukipimwa kwa nje, toa katika kipenyo unene wa ukuta mara mbili, kwa kuwa ukuta upo pande zote mbili.
5. Andika vipimo vyote kwa sentimita au vyote kwa mita kabla ya kuzidisha. Kuchanganya vizio hivi viwili katika hesabu moja ndilo kosa linaloonekana mara nyingi kuliko mengine.

Mche duara: kulla mbili na kisima

Kanuni inayomfaa mpimaji ni hii:

Ujazo = 0.785 × kipenyo × kipenyo × kimo

Namba 0.785 ni robo ya pai. Vitabu vya shule huandika kanuni hii kwa nusu kipenyo, lakini kinachopimika kwa futi ni kipenyo kizima, na anayesahau kukigawanya kwa mbili huishia na jibu kubwa mara nne ya ukweli. Kwa kutumia 0.785 kosa hilo halipati mlango.

Msomaji aliyepita chuoni huenda alikwisha kuikuta hesabu hii kabla ya kuifikia katika somo la hisabati. Vitabu vya fikihi ya madhehebu ya Shafii, ambavyo vimesomeshwa kwa muda mrefu katika mwambao wa Afrika Mashariki, hutaja kiasi cha maji kinachoitwa kulla mbili na kukieleza kwa vipimo vya aina mbili. Birika la pembe nne linatakiwa liwe na dhiraa moja na robo kwa urefu, upana na kina. Ama chombo cha duara kama kisima, upana wake unatakiwa uwe dhiraa moja, na kina chake dhiraa mbili za seremala, ambazo ni sawa na dhiraa mbili na nusu za mkono. Ukizidisha 1.25 × 1.25 × 1.25 unapata dhiraa za ujazo 1.953, na ukizidisha 0.785 × 1 × 1 × 2.5 unapata 1.963. Tofauti ya majibu hayo ni nusu ya asilimia moja. Kwa dhiraa ya sentimita 48, birika la pembe nne hutoa lita 216 na kisima cha duara hutoa lita 217. Wanavyuoni wameukadiria urefu wa dhiraa kwa namna mbalimbali, kwa hiyo anayetafuta hukumu ya twahara awaulize wao. Kinachostahili kuzingatiwa hapa ni kwamba waandishi wa vitabu hivyo walijua vyema namna ya kuligeuza duara kuwa mraba pasipo kupoteza ujazo, na hesabu yao inakubaliana na kikokotoo.

*Hatua za kupima maji ya kisima*

1. Pima kipenyo cha ndani mdomoni, kisha chungulia uhakikishe kwamba kisima hakipanuki wala kusinyaa kuelekea chini.
2. Funga jiwe kwenye kamba, literemshe mpaka liguse chini na kamba ilegee kidogo, halafu livute juu.
3. Pima sehemu ya kamba iliyolowa. Huo ndio kimo cha maji. Kina cha kisima kizima si kimo cha maji, na hakitumiki katika hesabu hii.
4. Zidisha. Kisima chenye kipenyo cha mita 1.20 na maji ya mita 3.00 kina 0.785 × 1.20 × 1.20 × 3.00, yaani mita za ujazo 3.39, au lita 3,390.
5. Rudia kipimo baada ya mvua za masika na tena wakati wa kiangazi, kwa kuwa kimo cha maji hubadilika ingawa kipenyo hakibadiliki.

*Onyo.* Mpimaji asiteremke kisimani kwa ajili ya kupima, kwa sababu hewa ya chini inaweza kuwa haifai kuvutwa na mtu huzimia kabla ya kutambua hatari. Vilevile, pale afisa wa afya anapotoa kiasi cha klorini kwa kila mita ya ujazo, upana wa nje wa ukuta usitumike: kisima kile kile chenye ukuta wa sentimita 15 kikipimwa kwa nje huonekana kuwa na kipenyo cha mita 1.50 na maji ya mita za ujazo 5.30, na dawa hutiwa kwa asilimia 56 kupita kiasi kilichoagizwa.

Pishi na kilele chake

Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja na kuiacha ile ya Pemba, na tangu hapo kisiwa hiki ndicho kilichobeba zao hilo. Karafuu kavu hupimwa kwa mizani zinapopokelewa na Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, lakini mbichi, zikiwa bado mikononi mwa mchumaji, hupimwa kwa pishi, na ujira wa siku nzima juu ya mti hutegemea kopo moja. Kwa sababu hiyo kopo hilo linastahili kuchunguzwa kwa makini kuliko chombo kingine chochote katika mwongozo huu.

Pishi ya mfuto ni ile iliyojazwa na kufutwa sawasawa na ukingo. Pishi iliyojazwa hadi ikafanya kilele ni kitu kingine, kwa kuwa juu ya mche duara limeongezwa umbo la pili liitwalo pia, ambalo kitako chake ni duara na juu yake huishia katika ncha. Ujazo wa pia ni theluthi moja ya mche duara wenye kitako na kimo kama chake:

Ujazo = 0.262 × kipenyo × kipenyo × kimo

Msomaji anayetilia shaka theluthi hiyo anaweza kukunja karatasi ngumu ikawa pia, kuijaza mchele na kuumimina katika kopo lenye upana na kimo kile kile. Kopo litajaa kwa mimino mitatu.

Tuseme kuna makopo mawili. La kwanza ni jembamba, lina kipenyo cha sentimita 15 na kimo cha sentimita 15, na huchukua lita 2.65 kwa mfuto. La pili ni pana, lina kipenyo cha sentimita 18 na kimo cha sentimita 10.4, na huchukua lita 2.65 zile zile. Kwa mfuto hakuna anayepata wala anayepoteza. Yakijazwa kwa kilele chenye mteremko mmoja, kopo jembamba hubeba kilele cha sentimita 4, ambacho ni lita 0.24, sawa na asilimia 9 ya pishi. Kopo pana hubeba kilele cha sentimita 4.8, ambacho ni lita 0.41, sawa na asilimia 15. Maana yake ni kwamba mchumaji anayehesabiwa pishi 20 kwa kilele cha kopo jembamba ametoa takriban pishi 2 zisizoandikwa, na anayehesabiwa kwa kilele cha kopo pana ametoa pishi 3.

Kasoro hii haionekani kwa macho, na watu wawili waaminifu wanaweza kuitenda bila kujua. Sura ya 83 ya Qurani, Al-Mutaffifin, inawahusu wanaopunja vipimo, na katika jamii inayoisoma sura hiyo tangu utotoni hapahitajiki hoja nyingi za kuonyesha kwamba kipimo kinachozidi upande mmoja lazima kisahihishwe.

*Kisanduku cha 2: Kukubaliana pishi kabla ya msimu*

1. Pima kipenyo cha ndani na kimo cha ndani cha kopo mbele ya pande zote mbili. Kimo kipimwe kutoka kitako cha ndani, kwani makopo mengi yana kitako kilichoinuliwa.
2. Kokotoa ujazo wa mfuto na uuandike ubavuni mwa kopo kwa rangi.
3. Amueni ama pishi zote zifutwe kwa kijiti kilichonyooka, ama kilele kikubaliwe na ujira uongezwe kwa asilimia iliyokokotolewa.
4. Kopo lililobonyea libadilishwe, kwa sababu mbonyeo hupunguza ujazo na kanuni haiwezi kuuhesabu.
5. Kusiwe na kutikisa wala kushindilia, isipokuwa kama kumekubaliwa, maana karafuu zilizotikiswa hukaa kwa nafasi ndogo kuliko zilizomiminwa.

Lundo la mchanga au kokoto

Lundo lililomwagwa mahali pamoja nalo ni pia, isipokuwa kipenyo chake kimefichwa chini ya mzigo wenyewe. Kwa hiyo hutumika mzingo:

Ujazo = mzingo × mzingo × kimo ÷ 37.7

1. Zungusha kamba mguuni mwa lundo, ukiacha nje punje zilizotawanyika.
2. Simamisha ufito kando ya lundo na ulaze ubao ulionyooka kutoka kileleni hadi kwenye ufito huo, ukitumia pimamaji kuhakikisha kwamba ubao haukuinama. Kimo ni umbali kutoka chini hadi ubao unapogusa ufito.
3. Zidisha na ugawanye. Mzingo wa mita 9.4 na kimo cha mita 1.0 hutoa 9.4 × 9.4 × 1.0 ÷ 37.7, yaani mita za ujazo 2.34.

Makosa matatu hujirudia hapa. La kwanza ni kupima ubavu kwa kufuata mteremko na kuuita kimo, jambo linalolikuza lundo. La pili ni kuitumia kanuni ya pia kwa mchanga uliomwagwa na gari likitembea, ambao huwa mrefu kama mgongo. Mchanga huo ama ukusanywe kwa sepetu uwe duara, ama upimwe katika tela kabla haujamwagwa. La tatu halitokani na hesabu, nalo ni unyevu: mchanga laini wenye unyevu huchukua nafasi kubwa kuliko ukiwa mkavu, na ziada hiyo inaweza kufika robo ya ujazo wake, hivyo lundo lililonunuliwa asubuhi baada ya mvua litaonekana limepungua hata kama hakuna aliyeligusa.

Vipenyo vitatu: kanuni moja ya maumbo mengi

Ndoo ni pia iliyokatwa ncha na kugeuzwa. Pipa la mbao limevimba katikati. Mtungi una tumbo na shingo. Kujifunza kanuni ya pekee kwa kila umbo ni mzigo usiohitajika, kwa kuwa ipo kanuni moja inayoyatosha karibu yote, na kama msomaji atachagua kanuni moja tu ya kukariri, inafaa awe ameichagua hii:

Ujazo = 0.131 × kimo × (A + 4B + C)

Hapa A ni kipenyo cha juu kilichozidishwa kwa chenyewe, B ni kipenyo cha katikati ya kimo kilichozidishwa kwa chenyewe, na C ni kipenyo cha chini kilichozidishwa kwa chenyewe. Kanuni hii inahusishwa na mwanafalaki Johannes Kepler, ambaye katika mji wa Linz alishangazwa na wafanyabiashara wa mvinyo waliopima mapipa kwa kuchomeka ufito mmoja bila kujali umbo la pipa, na mwaka 1615 akachapisha kitabu kizima kuhusu ujazo wa mapipa.

Ubora wake ni kwamba kwa mche duara, pia, pia iliyokatwa na tufe haitoi makadirio bali hutoa jibu lenyewe. Chukua nazi iliyofuliwa, iwe karibu na tufe, yenye kipenyo cha sentimita 12. Juu na chini kipenyo ni sifuri, katikati ni 12, na kimo ni 12, basi 0.131 × 12 × (0 + 4 × 144 + 0) ni sentimita za ujazo 905, sawa kabisa na jibu la kanuni ya tufe, ambayo ni 0.524 × kipenyo × kipenyo × kipenyo. Archimedes aligundua kwamba tufe huchukua theluthi mbili za mche duara unaolibana pande zote, na msomaji anaweza kulihakiki hilo kwa kulinganisha 0.524 na 0.785.

Ndoo yenye upana wa sentimita 32 juu, 28 katikati na 24 chini, na kimo cha sentimita 28, huchukua 0.131 × 28 × (1,024 + 3,136 + 576), yaani lita 17.4. Anayeichota hadi ukingoni na kuihesabu kuwa lita 20 hupungukiwa na lita 26 katika kila ndoo kumi.

Mtungi wa udongo hugawanywa kwanza. Tumbo lenye kimo cha ndani cha sentimita 30, likiwa na mzingo wa nje wa sentimita 113 katikati, lina kipenyo cha nje cha sentimita 36. Ukitoa unene wa sentimita 1 kila upande kinabaki kipenyo cha 34. Ikiwa chini ni 14 na juu, penye shingo, ni 12, ujazo wa tumbo ni 0.131 × 30 × (144 + 4,624 + 196), yaani lita 19.5, na shingo ya kimo cha sentimita 8 huongeza lita 0.9.

*Tahadhari.* Kipenyo cha kati ni cha katikati ya kimo, hata kama sehemu pana kuliko zote ipo juu au chini yake. Tumbo likiwa limevimba upande mmoja, likatwe kwa mawazo katika vipande viwili penye uvimbe, kila kipande kipimwe kwa vipenyo vyake vitatu, kisha majibu yajumlishwe.

Gogo

Gogo hupungua unene kuelekea ncha, lakini kipimo kimoja cha katikati ya urefu wake hutosha kwa biashara ya kawaida:

Ujazo = mzingo wa katikati × mzingo wa katikati × urefu ÷ 12.57

Gogo la mwembe lenye mzingo wa mita 1.50 na urefu wa mita 4 lina mita za ujazo 0.716. Muuzaji ajihadhari na njia nyingine iliyoenea katika biashara ya mbao ya Uingereza tangu majedwali ya Edward Hoppus ya mwaka 1736, ambayo hugawanya mzingo kwa 4, huzidisha jibu kwa lenyewe, kisha kwa urefu. Kwa gogo hilo hilo njia hiyo hutoa 0.5625, pungufu kwa zaidi ya asilimia 21. Punguzo hilo lilikusudiwa kufidia sehemu inayopotea katika upasuaji, na si dhuluma iwapo bei imewekwa kwa kulifahamu. Huwa hasara pale bei ya mita kamili ya ujazo inapolipwa kwa kipimo kilichopunguzwa. Ganda nalo liondolewe penye mzingo kabla ya kupima.

Pipa lililolazwa

Pipa linapolazwa ubavu, kina cha mafuta hakiendi sambamba na ujazo, kwa sababu umbo ni jembamba chini na pana katikati. Chomeka kijiti wima kupitia mdomo ulioelekezwa juu, pima kina, gawanya kwa kipenyo cha ndani, kisha soma jedwali.

| Kina ÷ kipenyo | Sehemu ya ujazo kamili |
|---|---|
| 0.1 | asilimia 5 |
| 0.2 | asilimia 14 |
| 0.3 | asilimia 25 |
| 0.4 | asilimia 37 |
| 0.5 | asilimia 50 |

Kina kikizidi nusu, soma kwa sehemu iliyo tupu na uitoe katika 100. Pipa la lita 200 lenye kipenyo cha sentimita 57 na kina cha sentimita 17 lina lita 50, si 60.

Kuba

Fundi anayetaka kumwaga zege la kuba hahitaji ujazo wa hewa iliyomo chini yake, bali ujazo wa ganda lenyewe:

Zege = 3.14 × (nusu kipenyo × nusu kipenyo + kimo × kimo) × unene

Nusu kipenyo na kimo hupimwa hadi katikati ya unene. Kuba la nusu tufe lenye upana wa ndani wa mita 4.00 na unene wa sentimita 10 lina nusu kipenyo cha 2.05 na kimo cha 2.05, na zege lake ni mita za ujazo 2.64. Kuba la upana huo huo lililobapa, lenye kimo cha 1.25, huhitaji mita za ujazo 1.81. Akiba hiyo ya karibu theluthi isimvutie mwenye jengo kubadili umbo kwa uamuzi wake peke yake, kwa kuwa kuba lililobapa husukuma kuta kwenda nje kwa nguvu zaidi, na umbo, unene na nondo zake ni kazi ya mhandisi. Kinachopotea katika kuchanganya na kumwaga kiongezwe juu ya jibu.

Kuhakiki kwa maji

Chombo chochote kinachoshika maji kinaweza kuihukumu hesabu iliyofanywa juu yake, na tofauti ya zaidi ya asilimia 3 kati ya maji na hesabu huonyesha kwamba kuna kipimo kilichokosewa, mara nyingi kipenyo.

☐ Chupa ya lita moja iliyoandikwa ujazo imepatikana na imejazwa hadi alama yake, si hadi mdomoni.
☐ Chombo kimewekwa mahali tambarare na kimekaguliwa kwa pimamaji.
☐ Maji yametiwa lita moja moja, na kijiti kilichosimama katikati kimekatwa alama kila baada ya lita tano.
☐ Lita zimehesabiwa na mtu mmoja na kuandikwa na mwingine.
☐ Jibu la maji limeandikwa kando ya jibu la hesabu, pamoja na tarehe.
☐ Kijiti kimeandikwa jina la chombo chake, kwa kuwa kijiti cha chombo kimoja hakifai kwa kingine.